Uso, sura, wajihi: Antoine Berman na tafsiri inayotiririka mno

Katika riwaya aliyoichapisha Buenos Aires mwaka 1929, Mwargentina Roberto Arlt ana maneno matatu ya kutaja uso wa mtu: cara, rostro na semblante. Anayachanganya bila utaratibu unaoonekana. Hasemi kwamba tajiri ana rostro na maskini ana cara. Anayamwaga tu, moja hapa, jingine pale. Mfaransa Antoine Berman, aliyeitafsiri riwaya hiyo pamoja na Isabelle Berman na kuitoa mwaka 1981, aliligeuza jambo hilo kuwa mfano wa kufundishia. Mfasiri akiyapeleka yote matatu kwenye neno moja, hakuna sentensi hata moja itakayokuwa na kosa. Lakini uso ni jambo kubwa katika kitabu hicho, na ukubwa wake umeonyeshwa kwa kupewa majina matatu. Yakibaki moja, kitabu kizima kimepunjwa.

Kwetu hesabu inatoka sawasawa: uso, sura, wajihi. Mfasiri wa Kiswahili amekamilika zana. Shida huanza mswada ukifika mezani kwa mhariri. "Wajihi" linaonekana la mashairi, "sura" lisije likachanganywa na sura ya kitabu, basi yote yanageuzwa "uso" ili lugha ilingane na msomaji asikwame. Kazi hiyo huitwa kusafisha mswada. Kwa Berman ni upunjaji wa idadi: maana imebaki pale pale, majina yake yamepungua.

Berman alizaliwa mwaka 1942, akafa mwaka 1991 kabla ya kutimiza miaka 50. Alitafsiri kutoka Kijerumani, Kihispania na Kiingereza, kwa hiyo nadharia yake ilitoka kwenye meza ya kazi. Mwaka 1984 aliendesha semina Paris juu ya tafsiri na "herufi" ya matini, yaani umbo lake, ikachapwa mwaka uliofuata, na mwaka 1999 ikatoka kama kitabu kinachojitegemea. Kiini chake ni orodha ya mielekeo 13 inayoharibu tafsiri. Neno alilolichagua ni mielekeo, si makosa. Kosa ni la asiyeijua lugha. Mwelekeo humvuta anayeijua, na kadiri anavyoandika vizuri kwa lugha yake ndivyo unavyomvuta zaidi. Ndiyo maana ile sifa kubwa tunayompa mfasiri wa Kiswahili, "husikii kabisa kama imetafsiriwa", ningeipokea kama daktari anavyopokea mgonjwa asiyesikia maumivu mahali ambapo palipaswa kuuma.

Haya yalikuwa lazima yasemwe na Mfaransa. Karne ya 17 Paris ilikuwa na mtindo wa kuwavisha Wagiriki na Warumi mavazi ya kifalme ya Ufaransa. Mfasiri Nicolas Perrot d'Ablancourt alikata, akaongeza, akalainisha, mpaka msomi Gilles Ménage akasema tafsiri zake zinamkumbusha mwanamke mmoja aliyempenda huko Tours: mzuri, ila si mwaminifu. Mzaha huo ukawa jina la shule nzima ya tafsiri. Berman anapigana na urithi wa nyumbani kwake, na hilo tulikumbuke, kwa sababu urithi wetu ni mwingine na nitaurudia.

Sasa twende kwenye sentensi. Riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942 inafunguka hivi: "Aujourd'hui, maman est morte." Silabi 7. Kiswahili kilicho karibu nayo kabisa ni "Leo mama amekufa", silabi 8. Mhariri ataguna. Mama wa mtu hafi. Anafariki, anaaga dunia, anatangulia mbele ya haki. Tena mama yupi, maana kila mwanamke mtu mzima ni mama? Tuongeze "yangu mzazi". Tunapata "Leo mama yangu mzazi amefariki dunia", silabi 17. Hapo imepita mielekeo mitatu kwa mkupuo: kuremba, kufafanua, kurefusha. Kila badiliko lina utetezi wake, tena utetezi wa adabu, na kwetu utetezi wa adabu ni mgumu kuupinga.

Lakini anayesema maneno hayo atasimamishwa kizimbani, na moja ya mambo yatakayomwangamiza ni kwamba hakulia kwenye mazishi ya mama yake. Ukimpa tafsida katika sentensi ya kwanza, umempa shahidi wa upande wa utetezi ambaye mwandishi alimnyima. Atasema mtu kwamba "est morte" kwa Kifaransa ni kauli ya kawaida, ilhali "amekufa" kwa mama ni ukali, na Berman mwenyewe anaonya kwamba pacha wa kuremba ni kushusha hadhi. Ni kweli. Ila kati ya ukali uliozidi kidogo na tafsida inayobadilisha tabia ya mhusika, wa kwanza ndio uharibifu mdogo. Na tazama sentensi ya pili: "Ou peut-être hier, je ne sais pas." "Au labda jana, sijui." Kiswahili kinaipokea kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wake. Ukiwa umeanza na "amefariki dunia", hiyo "sijui" inakuwa utovu wa adabu. Ukiwa umeanza na "amekufa", inakuwa ukavu ule ule ukiendelea.

Anayepitia Kiingereza anaumia pasipo sababu. Wafasiri wa Kiingereza, Stuart Gilbert mwaka 1946 na Matthew Ward mwaka 1988, kila mmoja aliipeleka "leo" mwisho wa sentensi. Akiwafuata, Mswahili ataandika "Mama amekufa leo". Sarufi yetu inaruhusu "Leo" itangulie kama ilivyotangulia kwa Camus. Kikwazo kilikuwa cha lugha ya katikati, nasi tumekirithi bure. Tafsiri ya mkono wa pili hupitishwa kwenye mielekeo ile ile mara mbili, na mara ya pili mfasiri hana njia ya kujua kilichokwisha kupotea ya kwanza.

Riwaya hiyo hiyo ina mtego mkubwa zaidi, nao ni wa kwetu peke yetu. Jean-Paul Sartre, katika uchambuzi wake wa mwaka 1943, alisema kila sentensi humo ni kisiwa. Camus anasimulia kwa wakati uliopita unaoacha kila tendo limejifunga lenyewe, bila kulishika mkono linalofuata. Kiswahili, kinyume chake, kina daraja ambalo lugha nyingi hazina: -ka-. "Niliamka, nikanawa, nikatoka." Msimulizi yeyote wa Kiswahili huliendea bila kufikiri, na mhariri akiona "Niliamka. Nilinawa. Nilitoka." atadhani mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Lakini -ka- husema zaidi ya kwamba jambo lilitokea. Husema limetokana na mfuatano, lina mkondo. Ukiitumia, visiwa vyote vimeunganishwa kuwa bara. Berman huuita mwelekeo huu urazinishaji, yaani kuupanga upya mpangilio wa sentensi kwa mujibu wa wazo fulani la utaratibu, na anauweka wa kwanza katika orodha. Mifano yake ni ya alama za uakifishi na sentensi ndefu zilizokatwa. Hakuwa na sababu ya kuijua -ka-. Kwetu ingekuwa ya kwanza kuchunguzwa: chukua kurasa 10 za tafsiri ya simulizi kavu ya aina hiyo, zungushia kila -ka-, kisha uliza ni ngapi zina kiunganishi kinacholingana nazo katika matini chanzi. Zilizobaki zimeletwa na mfasiri.

Kuhusu kurefusha, kipimo kinachotumika sana ni kibovu. Wahariri hulinganisha idadi ya maneno. "Je ne te l'avais pas dit" ni maneno 7. "Sikuwa nimekuambia hilo" ni 3. Kwa hesabu ya maneno tumefupisha kwa zaidi ya nusu. Kwa silabi, Kifaransa kina 7 na Kiswahili 11. Kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mtenda, njeo, mtendwa na mzizi ndani ya neno moja, tafsiri iliyonenepa sana inaweza kuonekana nyembamba kwenye kompyuta. Hesabu silabi za aya tatu au nne, au angalau herufi. Ongezeko fulani linatokana na lugha yenyewe na halina mjadala. Linalofaa kutafutwa ni lile linaloruka ghafla katika aya moja huku majirani zake wakiwa kawaida. Nenda kwenye aya hiyo, utakuta maelezo yamefichwa humo: "yaani", "ambaye alikuwa ni", au sifa mbili mahali palipokuwa na moja.

Si kila ufafanuzi ni dhambi. Berman anakubali kwamba kutafsiri kwenyewe ni kuweka wazi. Neno la Kifaransa "oncle" halisemi ni wa kwa baba au wa kwa mama. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua kati ya mjomba na ami au baba mdogo, na ukichagua umeshasema jambo juu ya ukoo. Upande wa pili "il" na "elle" vyote vinaingia kwenye a- ile ile, jinsia inapotea, na mfasiri mwenye wasiwasi anaanza kupachika "yule mama", "yule kijana" kila mstari wa pili. Mjomba ni lazima ya lugha. "Yule mama" wa mara ya tano ni hofu tu. Orodha ya Berman ingenufaika na mstari mnene kati ya hayo mawili.

Turudi kwa Arlt, maana kuna mahali Kiswahili kinakipita Kifaransa. Arlt ametawanya katika maandishi yake maneno yanayoishia na -ón, kiambishi cha ukubwa: portalón, alón, jaulón, portón, gigantón, callejón. Hayakai pamoja, moja liko huku, jingine mbele sana. Ukiyakusanya unaona dunia ambayo vitu vyake vimevimba. Berman anaita huu mtandao wa chini, na anaonyesha jinsi unavyokatika katika Kifaransa, kwa sababu huko hakuna kiambishi hai cha ukubwa. Kwetu kipo na ngeli yake: lango, jibawa, jitundu, jitu, na upatanisho wa li- na ya- unaokokota ukubwa huo mpaka kwenye kitenzi. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuusuka mtandao wa Arlt upya karibu mzima. Callejón peke yake linatoa taabu, maana licha ya -ón lake ni kichochoro, na kichochoro kwetu kimevaa ki- ya udogo; hapo unachagua maana au unachagua mtandao, na mimi ningethubutu "jichochoro" angalau mara moja. Adui ni mkono unaogeuza "jitundu" kuwa "tundu kubwa" kwa kuwa ni rahisi kusoma. "Kubwa" inatoa maana yote na kukata uzi wote.

Mitandao ya aina hii haionekani kwa anayetafsiri huku anasoma kwa mara ya kwanza. Soma kitabu kizima mara mbili kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza. Mara ya pili soma na penseli: kila neno linalorudi pasipotarajiwa lipewe karatasi yake na namba za kurasa. Kisha amua kisawe cha kila karatasi ukiwa unaona kurasa zake zote. Katika hadithi ya Antoine de Saint-Exupéry ya mwana mdogo wa mfalme, mbweha anatumia kitenzi apprivoiser, na sura nzima ya 21 inazunguka juu yake. "Kufuga" kwetu ni kwa ng'ombe, kuku na ndevu. "Kuzoeana" ni kwa usawa, ilhali mbweha anaomba atendewe. "Kuzoesha" kunataka kitu cha kuzoeshwa. Kila kimoja kina kasoro, ila kasoro ndogo ni ya anayechagua kimoja na kukishikilia mpaka mwisho. Anayebadilisha ili sentensi ipendeze amempokonya mbweha somo lake.

Juu ya methali Berman anasema jambo linalomtisha mfasiri yeyote aliyefundishwa kutafuta methali inayolingana. Usitafute. Wajerumani husema "Morgenstund hat Gold im Mund", na Mfaransa wa kawaida angeweka methali yake kuhusu wanaoamka mapema. Berman anataka dhahabu ibaki na kinywa kibaki, kwa hoja kwamba msomaji ana hisi ya methali na ataitambua hata ikiwa mpya kwake. Kwa Waswahili hoja hiyo ina nguvu kuliko kwa Wafaransa. Masikio yetu yamelelewa na vipande viwili vinavyopimana. Mwelekeo wa kawaida ungeleta "Biashara asubuhi, jioni mahesabu", na ghafla mkulima wa Bavaria amefungua duka Kariakoo. Lakini "Saa ya asubuhi ina dhahabu katika kinywa chake" nayo haifai. Hiyo ni taarifa, haina umbo. Ondoa kitenzi, pima: "Saa za asubuhi, dhahabu mdomoni." Mizani 7 kwa 7. Picha ni ya Mjerumani, mwendo ni wa methali yetu.

Hapa ndipo Berman hueleweka vibaya, na kwa Kiswahili kumwelewa vibaya kuna gharama. Anaposema mfasiri ashike "herufi", hasemi neno kwa neno. Anasema shika umbo: mapigo, marudio, mpangilio, picha. Ufaransa iliharibiwa na ulaini wa kupindukia. Sisi tunao ulaini huo kwenye riwaya, na wakati huo huo tuna maradhi ya upande wa pili kwenye habari, ripoti na hotuba, ambako "mwisho wa siku" humaanisha hatimaye na watu "wanacheza nafasi muhimu". Hizo ni nakala za Kiingereza zilizoingia bila mtu kuzialika, na hazina umbo la mgeni wala la mwenyeji. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake "Berman anasema tufuate matini chanzi" bila kutenganisha mambo haya mawili anafungua mlango kwa mambo ambayo Berman angeyakimbia.

Kuna hoja moja ya Berman ninayoipinga nusu. Anadai lahaja haiwezi kutafsiriwa kwa lahaja. Ni lugha za maandishi tu zinazoweza kutafsiriana. Lunfardo, misimu ya Buenos Aires, ikigeuzwa misimu ya Paris, mhalifu wa Argentina anakuwa Mparisi. Kwetu ni sawa na kumpa Sheng: msomaji anamwona Nairobi, na hatamtoa huko tena. Hadi hapo namfuata. Lakini mbadala wake, lugha ya maandishi, kwetu una historia fupi na kali. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kuratibiwa na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930, kwa ajili ya shule na ofisi. Kumpeleka kila mhusika wa mtaani kwenye sanifu ni kumvalisha sare. Kuna njia ya kati: kuacha sarufi ya sanifu na kuchota msamiati wa Pwani, wa Kimvita au Kiamu, ulioachwa nje, kidogo kidogo, bila kuutangazia msomaji mhusika anatoka wapi. Haimpeleki msomaji mtaa mmoja, ila inaivunja ile bapa ya lugha ya ofisi.

Mwishoni mwa maisha yake Berman aliiona hatari ya orodha yake: mtu anaweza kuichukua na kuikamata tafsiri yoyote ile. Kitabu chake juu ya ukosoaji wa tafsiri, kilichotoka mwaka 1995 yeye akiwa ameshafariki, kinaweka utaratibu tofauti. Kwanza soma tafsiri peke yake, bila kuigusa matini chanzi, kisha isome tena. Weka alama mahali inapoyumba na mahali inapong'aa. Ndipo usome chanzo, uteue vifungu vyake vinavyobeba uzito. Kisha, kabla ya kulinganisha, mtafute mfasiri: alikuwa nani, aliandika akiwa na upeo gani, mradi wake ulikuwa nini. Kulinganisha mstari kwa mstari huja baada ya hapo.

Hatua hiyo ya mradi inabadilisha hukumu juu ya Julius Nyerere. Mwaka 1969 alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare yenye mfanyabiashara mmoja wa Venice katika jina lake, akaiita Mabepari wa Venisi. Kwa orodha ya mielekeo, jina hilo linaanguka: mmoja amekuwa wengi, na mfanyabiashara amekuwa bepari, neno lenye hukumu ndani yake. Kwa utaratibu wa pili, unakumbuka kwamba Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967 na kwamba mfasiri ndiye aliyekuwa rais. Badiliko linaonekana limefanywa macho makavu, jaladani, mahali pa wazi kuliko pote. Unaweza kulipinga, lakini unalipinga kama mradi. Haliko kundi moja na "wajihi" aliyefutwa kimya kimya ukurasa wa 112.

Mwelekeo wa mwisho katika orodha ni kufutwa kwa tabaka za lugha, yaani pale kitabu kinaposema kwa lugha mbili na tafsiri ikasema kwa moja. Berman alikutana nao kwa Augusto Roa Bastos wa Paraguay, ambaye chini ya Kihispania chake kuna Kiguarani. Sisi tumeupata kwa namna ambayo hakuifikiria. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi, imeandikwa kwa Kiingereza chenye Kiswahili ndani yake, maneno na namna za kuitana. Katika Kiingereza, maneno hayo yanasikika kama sauti ya pili. Yakirudi kwenye Kiswahili yanazama, kwa kuwa kila kitu kilichoyazunguka sasa ni maji yale yale. Hapa anayefutika si mgeni, ni mwenyeji, na hakuna kati ya mielekeo 13 inayosema mfasiri afanye nini. Herufi za mlazo hazisaidii, kwa sababu zingemwambia Mzanzibari kwamba "seyyid" ni neno la kigeni. Pengine kazi inahamia kwenye ile lugha nyingine: kuacha sentensi chache, zile za dola na sheria, zibaki na ugumu wa Kiingereza chake, ili tabaka mbili zisikike tena, safari hii kwa kupinduliwa.